Shamba la Baba Mkwe wa Mtu

Mama yangu mpendwa,

Tangu tukuzike, siku inayonirudia kuliko zote ni ile uliyoniuliza swali mbele ya akina mama wa Gatwekera, pale Kibera.

Unakumbuka nilivyoanza kazi ya kufundisha wanawake kuweka akiba? Wewe ulikuwa unauza visamaki vya omena mtaani Kisumu Ndogo, na hukuipenda kazi ile hata kidogo.

"Huyo anayekulipa mshahara, yeye anapata nini?" uliniuliza. Nilicheka.

Miaka ile ya sabini, kila mtu Kibera alikuwa anaota shamba. Mkubwa wangu wa kazi alipomleta darasani bwana mmoja wa kampuni ya kununua mashamba, nilimpigia makofi. Aliongea taratibu, kama mhubiri.

"Shamba liko, akina mama. Toeni akiba zenu, kila mmoja apate kipande."

Siku hiyo nawe ulikuwepo; ukasimama kule nyuma. "Kama liko, tupeleke tukalikanyage."

"Mama, huniamini?"

"Sikujui. Nitakuaminije?"

Akakutajia mahali, akidhani hutafika. Wewe ukafunga meza yako, ukaenda na Mama Akinyi wa darasa letu. Mkamkuta mwanamke akipalilia maharagwe. Mlipomwuliza shamba linauzwa lini, alilishika jembe vizuri. "Nani anauza shamba la baba mkwe wangu?"

Ulirudi moja kwa moja darasani, matope hadi magotini, ukaeleza yote. Kisha ukanigeukia.

"Na wewe, mwalimu? Ulikuwa unajua? Umeahidiwa kitu?"

Mimi, mtoto wako! Nililia nikiwa nimeshika chaki. Nikasema hapana, naapa. Ulinitazama mpaka ukaridhika, ndipo ukakaa.

Hakuna aliyetoa akiba yake. Yule bwana hakuonekana tena, na mkubwa wangu akanifuta kazi bila kusema sababu. Mpaka leo namshuku.

Nawe nilikununia, Mama, hata uliponiletea uji nikaukataa. Halafu wale akina mama wakaja wenyewe kuniomba niendelee kuwafundisha, na sasa nafundisha hadi Kawangware. Sikuelewa kwa nini walinitaka. Juzi, baada ya matanga yako, nilimwuliza Mama Akinyi.

"Wote tulikuwa tunakushuku," akaniambia. "Mama yako angekuuliza nyumbani, nani angekuja kwako tena? Alitaka tukusikie ukijibu."

Pumzika, Mama. Ningejua mapema, ningekunywa ule uji.

Ni mimi,
Kitindamimba wako