Papa, Ukipiga Hodi

Papa wangu,

Jana mjukuu wako alinichekesha hadi nikaacha mashine ya kushona, kisha akaniliza, na yote mawili yamekuja kwa sababu yako. Huyu mtoto hukumwona. Alizaliwa hapa Kawale, Lilongwe, baada ya wewe kutuacha, tukampa jina la mama yako, naye akachukua paji lako la uso na ubishi wako wote. Nitakueleza alichofanya, lakini nivumilie kidogo, maana ulipokuwa hai hukupenda mtu akuambie mwisho wa filamu kabla ya mwanzo.

Mimi nakukumbuka kwanza kwa sauti. Pale kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwenye banda la video karibu na soko, ulikaa kando ya televisheni kwenye kiti cha plastiki, kipaza sauti mkononi, taulo begani kwa ajili ya jasho. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, na mara nyingine kwa lugha ambazo hata wewe hukuzijua, nawe ukazitoa kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu bila haya yoyote. Polisi alikuwa wewe, mwizi wewe, bibi harusi wewe, mbwa wewe. Bibi harusi wako alikuwa na sauti nyembamba iliyomfanya Mama ajifunike uso kwa kitenge. Bukavu ulikuwa mwalimu wa sekondari, na ulipenda kusema kwamba kazi ni ileile, isipokuwa hapa wanafunzi wanakuja wenyewe.

Umeme ukikatika, hukunyamaza. Televisheni inazimika, banda zima giza, na wewe unaendelea kusimulia kana kwamba picha bado iko mbele yako. Hakuna aliyetoka. Siku moja umeme uliporudi tukakuta filamu imekwenda kwingine kabisa: mtu uliyemuua wewe alikuwa anakula chakula mezani. Vijana wakakuzomea. Ukafuta jasho taratibu ukasema, "Bao njo bamekosea." Tukakubali kwamba ni wao waliokosea.

Lakini hakuna filamu zilizojaza lile banda kama za vampiri. Watu waliokimbia mambo ambayo sitayaandika hapa walikuwa wanakaa kwenye mabenchi, wamebanana, kumwogopa mzungu mmoja mwembamba mwenye koti refu na meno mawili. Niliwahi kukuuliza kwa nini wanampenda. Ulisema, "Juu huyu iko na sheria. Bale bengine hawakukuwa nayo." Sheria uliyoisema tuliijua wote: vampiri hawezi kuingia nyumba ya mtu mpaka akaribishwe.

Katika filamu zenyewe alikuwa anasimama tu mlangoni na kumtazama msichana aliye ndani. Hilo lilikuudhi. Kwako wewe mtu mzima hawezi kusimama kwenye mlango wa watu kimya kama mbuzi. Basi ukamtia maneno mdomoni. Akifika mlangoni tu, ulishusha sauti, ukaifanya ya taratibu na ya heshima, sauti ya shemasi aliyekuja kuwajulia hali wagonjwa, ukasema: "Hodi. Hodi humu ndani."

Hapo banda lote lilinyamaza. Hata Wamalawi waliokuja kutazama nasi hawakuhitaji tafsiri, maana kwao odi ni odi na anayeisikia hujibu odini. Wote walifunga midomo. Sisi watoto, tuliofundishwa tangu kuzaliwa kwamba hodi haikosi jibu, tulibanana mikono ili neno lisitutoke. Hakuna aliyeweka sharti hilo, likawa desturi ya banda. Ukawa unairudia ile hodi mara ya pili na ya tatu, unatuangalia kwa jicho la pembeni, unatutega.

Mama hakupendezwa. Yeye na kwaya yake waliona unafuga kitu kibaya. "We baba ya batoto," alikuambia jioni moja akikupakulia chakula, "unaita mapepo mchana muzima, kisha unakuja kula ugali yangu na mdomo ile ile."

"Mapepo gani? Mi niko natafsiri tu," ukamjibu. "Na huyu vampiri iko na adabu kupita bandugu yako. Bao banaingia bila hodi."

Mama alikunyang'anya sahani, halafu akairudisha na kipande cha samaki juu yake. Mlipendana kwa namna hiyo, kwa kugombana juu ya sahani.

Nadhani unajua ninakoelekea. Ninaelekea kwa Mama Domina. Alikuwa amefika kutoka Burundi akipitia Tanzania, akawa anauza mboga ya lengalenga sokoni, mama mwenye mabega ya mkulima na mdomo usiozunguka. Mchana ule jua lilimchosha akaingia bandani kupumzika, akakaa benchi la karibu na mlango, anamenya njegere mapajani. Hakuijua desturi yetu. Ukasema hodi. Banda kimya. Ukasema tena hodi humu ndani. Na Mama Domina, bila kuinua macho kwenye njegere zake, akajibu kwa sauti ya kusikika hadi nje: "Karibu."

Mlango wa kwenye filamu ukafunguka saa ileile. Msichana aliumwa shingoni mbele yetu sote. Watu wakageuka kumtazama, na kijana mmoja akasema kwa uchungu wa kweli, "Mama, we njo umemuua."

"Mtu anapiga hodi mara mbili mnamwacha nje?" alisema yeye. "Kwetu hatufanyi hivyo."

Ulicheka hadi kipaza sauti kikakuponyoka, filamu ikaendelea kwa Kiingereza na hakuna aliyejali. Tangu siku hiyo hakuitwa tena Domina. Akawa Mama Karibu sokoni, kanisani, hata kwenye foleni ya maji.

Miaka ikapita, kisha zikaja zile habari. Kwamba kuna watu wanapita vijijini kunyonya damu za watu, si kwa meno bali kwa mashine. Watu wa pwani wangesema mumiani, hapa husema anamapopa. Hakuna aliyemwona hata mmoja, lakini mgeni yeyote njiani alitazamwa mikono, na sisi tulikuwa wageni wa kudumu. Ukaacha kwenda mjini Dowa Boma kwa miguu. Ukaacha pia filamu za vampiri, vijana wakaomba na kulalamika, ukakataa. "Bantu bakiogopa mu njia, mi siwezi kubaogopesha tena mu banda," ulisema. Nilikuheshimu siku hiyo kuliko siku zote, sikukuambia, nakuambia leo.

Ni katika msimu huo tumbo lako likaanza kuvuja. Ulificha, unakijua kiburi chako. Tulipokufikisha hospitali Lilongwe midomo yako ilikuwa imepauka na daktari akatuita pembeni, mimi na Mama. Vidonda vya tumbo vilikuwa vimekumaliza damu. Iliyopo katika akiba ni kidogo, akasema, na ndugu waje kuchangia mapema. Mimi nilitoa palepale. Mama alikataliwa kwa sababu ya presha yake, akakaa kwenye benchi akilia kwa hasira zaidi ya huzuni. Tulihitaji watu wengine, na watu wetu wote walikuwa Dzaleka.

Nilirudi kambini nikaenda moja kwa moja bandani, kwa sababu sikujua watu wengine waliokupenda kwa wingi namna ile. Mwenye banda alisimamisha filamu, akanipa kipaza sauti chako. Nikasimama kando ya kiti chako kitupu nikasema, "Papa iko hospitali. Damu imemuishia. Natafuta bantu ba kutoa."

Papa, ukashuka ule ukimya wako. Ukimya uleule uliotufundisha wewe mwenyewe. Nyuma mtu alicheka kidogo akidhani ni mchezo, kisha akaacha. Baba mmoja akauliza, kwa upole tu, "Na ile damu inaenda wapi? Nani anajua?" Siwezi kumlaumu. Habari za anamapopa zilikuwa bado za moto, na mimi nilikuwa nimekuja na maneno ya kutoa damu mjini. Nilitaka kueleza habari za wauguzi na mifuko na vipimo, nikaona hayatawafikia. Nilikuona unavyokufa kwa sababu watu wanaogopa, na wengine walijifunza kuogopa kwako. Sijui ni nini kilinituma. Nilikiinua kipaza sauti nikasema, kwa sauti yako, taratibu:

"Hodi. Hodi humu ndani."

Hakuna aliyejibu. Nikasema tena. Kipaza sauti kilitoa ule mlio wake mbaya.

"Karibu," akasema mtu kwenye benchi la karibu na mlango.

Mama Karibu alisimama, akakung'uta maganda kwenye kitenge chake. "Twende," akasema, kama mtu aliyeitwa kwenda kisimani. Akawatazama wengine. "Mwalimu amepiga hodi. Hamkusikia?"

Akafuata yule kijana aliyewahi kumwambia amemuua msichana, akiwa sasa mwanaume mwenye ndevu. Wakafuata mafundi wawili wa nguo na dereva wa kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, Mmalawi, ambaye hakujua Kiswahili zaidi ya kile ulichomfundisha kwa filamu. Yule baba mwenye swali alikuja pia, nyuma ya wote, akiendelea kuuliza damu inaenda wapi.

Mfuko ulipotundikwa juu ya kitanda chako uliutazama muda mrefu. "Basi," ukasema kwa sauti iliyobaki, "mi njo nimekuwa vampiri." Muuguzi alitueleza kwamba damu zote huingia akiba moja na hakuna anayejua anayopewa imetoka kwa nani. Hukukubali. "Hii ni ya Mama Karibu. Tangu imeingia nasikia hamu ya lengalenga." Na Mama, mwanakwaya wako mkali, aliyekemea mapepo ya banda lile miaka yote, alikushika mkono akakuambia, "Kunywa, baba ya batoto. Kunywa yote."

Damu ile ilitupa masika moja zaidi pamoja nawe. Ulirudi bandani, ukakaa kwenye kiti chako, sauti ikiwa imepungua. Ukaondoka wakati wa baridi, ukiwa nyumbani, mkono wako ukiwa ndani ya mkono wa Mama. Kwenye msiba mwenye banda alileta kile kiti cha plastiki na hakuna aliyekikalia. Nilikulilia kwa kelele, na bado nakulilia, ila siku hizi huwa nafanya nikiwa nashona ili mashine inifiche.

Sasa wale vampiri wako wamebadilika, Papa. Wako kwenye simu za kila mtu. Wamekuwa vijana wazuri, wanasoma sekondari, wana magari, wanakataa damu ya watu na kulia kwa ajili ya mapenzi. Mabinti wa hapa Kawale wananiletea picha niwashonee gauni la mchumba wa vampiri, lenye kola ndefu, la kuvaa kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Mume wangu, aliyekulia kijijini Nathenje ambako wazee wake bado hufunga dirisha wakisikia neno anamapopa, huwatazama akatikisa kichwa. Wewe ungekasirikia jambo moja tu: hakuna hata mmoja anayepiga hodi siku hizi.

Nimewaza sana kwa nini watu hawawachoki. Zamani nilidhani wanapenda kuogopa. Siku hizi nadhani hawayataki yale meno hata kidogo. Wanapenda habari ya mtu aliyekufa, kisha akaja kusimama mlangoni kwao.

Sasa ya jana. Mtoto alikuwa sakafuni na simu ya baba yake, anatazama katuni, ndani yake kuna vampiri mnene mwenye koti. Akafika mlangoni, akasimama kimya. Nami kutoka kwenye cherehani, bila kupanga, nikatoa sauti yako: "Hodi. Hodi humu ndani."

"Odini," akajibu mjukuu wako, hata hakuinua kichwa. "Karibu, ingia, nsima iko mezani."

Hapo ndipo nilipocheka. Nikamwambia kwamba huyo hajibiwi. Nikamweleza desturi ya banda lako, kwamba huyo ni mtu aliyekufa akarudi, na tulikuwa tunanyamaza ili asiingie.

Akanitazama. "Alikufa, na amerudi?"

"Ndiyo."

"Basi ametoka mbali," akasema. "Atakuwa na njaa."

Nikalia, Papa. Nikalia mbele yake, bila mashine.

Kwa hiyo nakuandikia haya. Utoto wangu wote ulinifundisha kunyamaza mlangoni, na nilikuwa mwanafunzi wako bora. Somo hilo nimeliacha. Ukisikia una njia ya kuja, njoo, hata kama koti ni refu, hata kama mikono imepoa. Sauti yako nitaitambua kabla hujamaliza neno, na meno sitayaangalia. Piga hodi tu. Humu ndani hakuna tena atakayenyamaza.

Ni mimi,
mtoto wako wa kwanza, niliyebaki na sauti yako.