Wingu Langu la Nyota

Mwenzangu, nimekwisha.

Ile picha yangu ya wingu la nyota, niliyoikuza nikaitundika studio, hata wewe ukanipongeza. Si nyota.

Dada wa yule bibi harusi wa Jumamosi kaja kuchukua picha. "Mbona mdogo wangu ana doa shavuni?" Nikamwambia ni mwanga tu.

Akainua macho ukutani. Akarudi kwenye picha. "Si ndilo hili hapa?"

Lilelile. Umbo lilelile, kona ileile.

Ni kuvu, mwenzangu. Lenzi imeota kuvu kwa ule umande wa juu ya paa, nilikokesha nikipiga picha za anga.

Nimefungua picha zote za harusi. Hakuna hata moja iliyosalimika. Ile ya baba yao akimkumbatia bibi harusi, doa limemfunika mzee uso mzima.

Na dada mtu bado amekaa hapa. Anautazama ukuta.