Nanukia Keki, Lakini Mimi Si Mchangamfu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kwanza nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama: harufu yangu si yangu.

Nina miaka kumi na sita, nasoma kidato cha tatu, na mimi ni mtu wa vitabu. Mwalimu akiita majina mimi hujibu "nipo" kwa sauti ndogo mpaka naandikwa mtoro nikiwa nimekaa mbele yake. Shangazi yangu anauza manukato, na miezi mitatu iliyopita nilikuta kwenye rafu yake chupa ndogo ya kujaribishia wateja, inanukia vanila, maziwa na sukari iliyoungua kidogo, na karatasi ya ndani ya boksi ilisema anayejipaka ni "mchangamfu, hana haya, akiingia watu hugeuka", basi nikaisoma mara nne nikaitia chupa mfukoni bila kumwambia, kwa kuwa ndivyo hasa nilivyotaka kuwa na sikujua kwamba uchangamfu huuzwa.

Kesho yake watu kweli waligeuka. "Jamani, nani kaja na keki?" aliuliza mwenzangu wa dawati, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. "Kumbe ni huyu! We mtundu, unajifanya tu mpole!" Nikacheka kwa woga, wakadhani nacheka kwa ujanja, na tangu siku hiyo naitwa Keki, wananisogezea viti, na nikinyamaza wanasema naandaa utani mkubwa. Wiki iliyopita tulichagua mshereheshaji wa mahafali ya kidato cha nne, Redio akapiga kelele "Keki!", darasa zima likaitikia, nami nikafungua mdomo kukataa, sauti haikutoka, mwalimu akaniandika.

Kisha chupa ikaisha. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba manukato huchanganywa, nikachukua vanila ya mama ya kuokea, sukari na maji ya moto, nikajinyunyizia kwenye kola. Katikati ya kipindi cha hesabu sisimizi walipanda mguu wa dawati mpaka shingoni kwangu, kwa mstari mmoja, wamenyooka kuliko sisi kwenye gwaride. Redio akanyoosha mkono: "Mwalimu, Keki ana wageni."

Mahafali ni Jumamosi ya wiki ijayo, wazazi mia tatu, na natakiwa niwachekeshe. Nikijitoa watajua sikuwahi kuwa yule waliyempenda, na nitarudi kukaa peke yangu. Je, nitafute chupa nyingine, au niugue siku hiyo?

Mwenye Kola Tamu

JIBU

Mwanangu, kwanza kafue hiyo kola. Siwezi kumshauri mtu anayetembea na sisimizi.

Pole. Kupendwa kwa kitu usicho nacho kunachosha, nakuelewa. Lakini wewe msomaji mzima, vitabu vyote hivyo, unaamini karatasi ya boksi? Iliandikwa na mtu asiyekujua, anayetaka chupa itoke dukani. Kupenda vanila hakumfanyi mtu mchekeshaji, kama vile kupenda mvua hakumfanyi mtu mkulima. Na hilo la kuchukua chupa ya shangazi umelipitia mbio kama paka aliyelamba maziwa. Nimeliona.

Hata hivyo, wenzako hawakukosea kabisa. Barua yako imenichekesha mara tatu, na mimi sikunusa chochote. Utani unao, ila unakaa mkononi, haujafika mdomoni.

Basi leo hii hii kaombe radhi kwa shangazi kabla hajauliza. Jumatatu asubuhi mwone mwalimu wa darasa, kwa mdomo na si kwa kikaratasi, umwambie jukwaa huliwezi ila kuandika unaweza. Huyo Redio amejaliwa domo. Mpe cha kusema. Usiugue, maana mgonjwa wa uongo huchomwa sindano ya kweli. Na marashi hayo, kama unayapenda, jipake tone moja kwa raha yako. Watakaokukimbia kwa kuwa umesema ukweli, waache wakatafute bekari.

MSOMAJI AMETUANDIKIA TENA

Mshauri, nilifua. Jioni ile nilimwambia shangazi, naye hakuinua hata macho: "Unanukia duka langu miezi mitatu, mtoto wee. Nilikuwa nangoja." Akanipa adhabu ya kufuta vumbi rafu zote Jumapili tatu.

Jumatatu nilimsubiri mwalimu nje ya ofisi nikamwambia. Redio alikubali kabla sijamaliza kumwuliza. Niliandika karatasi kumi na mbili, na siku ya mahafali nilikaa pembeni ya jukwaa nikimpa moja moja. Wazazi walicheka pale nilipotaka wacheke, na pengine pale ambapo sikutaka. Baada ya karatasi ya tano Redio aliinama akaninong'oneza, "Yaani haya yote yalikuwa humo kichwani?"

"Yalikuwa humo," nikamjibu.

Karatasi ya mwisho, ya kumshukuru mpishi wa shule, sikumpa. Nilipanda nikaisoma mwenyewe, sentensi mbili tu. Watu wa nyuma hawakusikia, kwa hiyo nikairudia. Kisha nikashuka, nikasaidia kupanga viti, na mimi na Redio tukaenda nyumbani kwa miguu.