Mursik Kabla ya Mechi

Jumamosi, 1 Februari 2025

Tumeshindwa. Pointi tatu tu! Vijana wa Eldoret walikuwa na bahati, na refa alikuwa na macho ya kuazima. Nimerudi nyumbani sauti imekauka.

Mke wangu Adero ameniuliza kama hii ni mara ya nne mfululizo. Nimemwambia ni ya tatu. Ni ya nne.

Lakini Kochi Bethwel Kipkemoi ni kochi! Mwaka jana nani alijua chuo chetu kina timu ya basketiboli? Yeye ndiye aliyetufikisha fainali. Ndiyo maana picha yake iko ukutani dukani kwangu hapa Bondeni, katikati ya redio zinazongoja kurekebishwa. Adero analalamika kwamba imening'inizwa juu zaidi kuliko ya harusi yetu. Kwani harusi yetu ilifika fainali?

Na ni hapo chini ya picha alipokutana na binti yetu Fancy. Kochi alileta kipaza sauti kilichoungua, Fancy alikuwa ametoka Molo kwa likizo — anafanya kazi ya uuguzi huko. Kipaza sauti kilipona siku hiyo hiyo. Kochi aliendelea kuja kukiulizia mwezi mzima.

Jumamosi, 8 Februari

Sijui nianzie wapi.

Kochi amekuja na mbinu mpya. Kabla ya mechi shangazi yake, Mama Chepkurui wa Rongai, ameingia ukumbini amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakalenjin, kimepambwa kwa shanga. Wachezaji wamepanga foleni. Kila mmoja kikombe kizima, mpaka masharubu yakawa meupe.

Wamaitha, ambaye hukaa kando yangu na njugu zake, ameniinamia. "Mwenyekiti, si hiyo hupewa mtu akishashinda?"

Ni kweli. Hata sisi tusio Wakalenjin tumeona mara ngapi! Mwanariadha anashuka kwenye ndege na medali shingoni, mama yake anampokea na kibuyu. Anashuka. Hajapanda.

Nimemfuata Kochi nikamuuliza. Akaniambia, "Mzee, tunakaribisha ushindi mapema, usipotee njia."

Nimepiga makofi! Mimi, mwenyekiti wa mashabiki, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, nimesimama nikawaambia watu huyu ndiye kochi anayefikiri.

Robo ya kwanza hakuna aliyeruka. Mpira unapita juu, wao wanautazama tu kama watu wanaosindikiza wageni. Kosgei, yule wetu mrefu kuliko mlango, alipewa mitupo miwili ya adhabu. Ukumbi ukanyamaza. Akainua mpira, akalenga... akacheua. Ukumbi mzima umesikia. Refa amecheka hadi filimbi ikamponyoka.

61 kwa 38. Nilipomuuliza Kosgei, akasema, "Mzee, tumbo imejaa. Siwezi ruka na maziwa."

Jumatatu, 10 Februari

Wateja wanne leo, na hakuna aliyekuja kwa ajili ya redio. Wote wamekuja kucheua mlangoni kwangu na kukimbia. Wazee na heshima zao!

Nimewaambia ni suala la matumbo kuzoea. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nimesema kwa sauti kubwa, lakini moyoni kuna kitu kimelegea, na sikipendi.

Jumamosi, 15 Februari

Kochi amegundua kosa. Kipimo kilikuwa kidogo! Leo vibuyu viwili.

Mapumziko yalipoisha, wapinzani walirudi uwanjani watano. Sisi tulirudi wawili. Wengine walikuwa chooni, na choo cha ukumbi ule ni kimoja. Refa akapiga filimbi mara ya kwanza, mara ya pili. Kosgei akatokea akikimbia huku anafunga kamba ya kaptura, akapokea pasi, akageuka na kurudi alikotoka — na mpira mkononi!

Tumeshindwa kwa pointi arobaini na moja. Sikuona za mwisho. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa nimeondoka kabla ya kipenga cha mwisho. Nimevua jezi nikaikunja kwapani, nikatembea mpaka nyumbani na fulana.

Ninamwonea hasira, na ninaona uchungu kumwonea hasira. Sikujua mtu anaweza kuachwa na kochi.

Jumapili, 16 Februari

Fancy amepiga simu. Watu wa Bethwel wanakuja kujitambulisha nyumbani Jumamosi ijayo, rasmi, na wazee.

Adero ametoka jikoni akipiga vigelegele na mwiko mkononi. Mimi nimeuliza kama Jumamosi hakuna mechi. Ameniangalia vile anavyoangalia maziwa yaliyofurika jikoni. Akaniuliza, mimi natoa binti au nasajili mchezaji?

Bahati ni kwamba Jumamosi ligi imepumzika.

Jumatano, 19 Februari

Joash, naibu wangu kwenye kamati ya mashabiki, ameleta karatasi dukani. Barua kwa mkuu wa chuo: tunaomba Kochi aondolewe. Sahihi arobaini. Wachezaji wamesaini. Mpishi wa chuo amesaini. Nafasi ya juu kabisa imeachwa wazi, imeandikwa Mwenyekiti.

Joash ameniambia mkuu amekataa kuisoma bila sahihi yangu, kwa sababu mwaka jana mimi ndiye niliyekwenda ofisini kwake kumsihi asimwondoe Bethwel kwenye timu abaki kufundisha hesabu tu. Mkuu anaitaka Jumamosi jioni.

Kila neno lililoandikwa pale ni kweli. Hata ningeongeza mengine. Nimeificha chini ya redio ya Mama Jerry.

Adero ameipata baada ya dakika kumi. Ameniambia, "Baba Fancy, utamfuta kazi mkwe kabla hajanywa chai yako?"

Nisiposaini, vijana watazidi kunyweshwa. Nikisaini, nitamkaribisha vipi mtu niliyemkata miguu?

Alhamisi, 20 Februari

Bethwel amekuja mwenyewe. Amekaa kwenye kiti cha wateja, chini ya picha yake. Nilikuwa nimejipanga kumwambia yote. Nikaanza na mursik: kwa nini kabla?

Akaiangalia picha yake ukutani. Kisha akaniambia kwamba siku ya fainali mama yake alikuja na kibuyu. Alikitayarisha wiki mbili. Tuliposhindwa hakukifungua, maana maziwa ya mshindi hayanywewi na aliyeshindwa. Akarudi nacho Rongai kikiwa kimejaa, akakimwaga nyuma ya nyumba. Mwezi wa nne akafariki.

"Mzee, mimi siwezi ona kibuyu ikirudi nyumbani imejaa tena."

Niliukumbuka ule mwezi. Nilichangia mazishi, nikaenda Rongai, nikarudi nikiongea na watu wangu habari za kusajili mlinzi mpya. Nimeona aibu.

Nimemwambia, basi wape baada ya mechi, hata wakishindwa. Si walijituma? Akatikisa kichwa. "Aliyeshindwa, mzee? Watanicheka mpaka Rongai."

Nampenda huyu kijana. Ndiyo shida yenyewe. Mtu mwema, anayemlilia mama yake, na timu yangu yote iko chooni.

Jumamosi, 22 Februari

Ninaandika haya nimekaa kitandani, mlango umefungwa. Wageni wako sebuleni.

Wamekuja saba. Tumesali, tumekula, Adero amepika kama wa kulisha ligi nzima. Ami yake Bethwel, Mzee Kipkorir, ndiye msemaji. Ameongea taratibu, vizuri. Halafu akanigeukia.

"Sisi huyu ni wetu, tukimsifu mtasema tunauza ng'ombe. Lakini tumesikia hapa Nakuru hakuna mtu amemwangalia kijana yetu kama wewe. Kila Jumamosi! Sasa tuambie, mzee. Uko na imani naye?"

Watu wote wakanigeukia. Bethwel akainamisha kichwa. Nikasema ngoja nikalete miwani.

Miwani nimevaa. Nadhani wameona.

Karatasi nimeitoa mfukoni, iko hapa kwenye shuka. Fancy ameingia bila kubisha, akaisoma yote amesimama. Nilidhani atalia. Akachukua kalamu yangu, akasaini chini kabisa. Namba arobaini na moja!

"Baba, hata mimi nilikuwa ukumbini, nyuma kabisa, ile siku ya vibuyu mbili. Hiyo kazi haiwezi, na hesabu anafundisha poa sana. Lakini wazee hawajakuuliza mambo ya basketiboli." Akarekebisha kola yangu, akatoka.

Nina binti mwenye akili kuliko kamati nzima.

Nasikia Bethwel anaongea sebuleni, anawapotezea wazee muda mpaka nirudi. Anawaambia kuna mzee mmoja alimshauri Alhamisi, ametafakari sana, na ameamua: mursik kabla ya mechi basi.

Amenisikia! Kumbe anabadilika! Nilikuwa nimeshaanza kuikunja karatasi ili niichane.

Anaendelea. Badala yake ni mayai. Mabichi. Saba kwa kila mchezaji.

Nimesaini. Sahihi kubwa, na tarehe. Sasa nainuka niende sebuleni niseme nina imani naye, na la kushangaza ni kwamba nitakuwa nasema ukweli. Huyu ninamwamini na binti yangu. Sitamwamini na mpira. Nitamweleza mwenyewe Jumatatu, polepole, tukiwa wawili tu —

Mlango wa mbele umefunguliwa. Adero anakaribisha mtu. Ni Joash! Nilimwambia jioni, sasa hivi ni saa tisa! Anasalimia wazee mmoja mmoja kwa mkono. Anauliza Mwenyekiti yuko wapi. Anauliza, kwa hiyo sauti yake ya uwanjani, kama ile karatasi imesainiwa.

Kikombe kimewekwa mezani.

Bethwel anamuuliza, kwa upole kabisa, "Karatasi gani, Joash?"