Kipimo Kinasema Tano, Mke Wangu Anaona Doa

Shangazi Noelene, huwa nakusikiliza redioni kila Jumamosi asubuhi nikiwa bandani, na leo naomba unisaidie kabla nyumba yangu haijaharibika, maana mimi si mtu wa fujo, nilikuwa fundi wa pampu za mashamba ya zabibu hapa Mildura mpaka nilipostaafu, na nilipoona namsumbua mke wangu Glenys jikoni nikatafuta shughuli, ndipo nikaanza kuchezea leza.

Sisi watu wa leza tuna ugonjwa mmoja, Shangazi, nao ni kutia chumvi. Mtu ananunua kileza cha kijani kinene kama kalamu, anakifungua, anabadilisha waya mbili, halafu anatangaza kwenye jukwaa letu la mtandaoni kwamba chake kina nguvu ya miliwati mia, na ukimwuliza amepima na nini anakwambia kimewasha kiberiti. Rafiki yangu Merv ni wa kundi hilo. Kwake kila leza ni mia mbili na kila samaki aliyemvua mtoni ni mkubwa kama mbwa. Mimi nilichoka na upuuzi huo nikaamua kununua kipimo cha kweli cha nguvu ya leza, na nilisoma miezi mingi kabla sijanunua, nikaviacha vile vya bei rahisi ambavyo lazima uviambie kwanza leza yako ni ya rangi gani, maana ukividanganya navyo vinakudanganya, nikachukua kile chenye kibamba cheusi ambacho mwanga ukikipiga kinapata joto, nacho kinalisoma hilo joto na kukupa namba.

Kukitumia kunataka adabu. Unazima feni, unafunga mlango hewa isitembee, unakaa kando usikipumulie, unakiacha kitulie kwenye sifuri, unaelekeza mwali katikati ya kibamba bila kuukaza ukawa nukta, maana utaunguza ile rangi nyeusi, halafu unasubiri. Kalamu yangu ikasoma tisini na sita. Merv angepiga picha akairusha jukwaani papo hapo. Mimi najua kwamba kalamu hizi za kijani ndani yake kuna mwanga mwingine usioonekana kwa macho, ndio unaogeuzwa kuwa kijani, na ule usiogeuka unavuja nje pamoja na kijani, kwa hiyo mtu mwaminifu anaweka kichujio mbele ya kipimo, kipande kidogo cha kioo kinachozuia ule usioonekana, anapima kijani peke yake. Nikaweka kichujio. Ikasoma tano. Nikaitangaza hiyo tano, na wenzangu wa jukwaani wakanisifu kwa ukweli wangu.

Sasa sikia balaa. Jumapili moja Merv alikuja kula soseji, nikampeleka bandani kumwonyesha kipimo. Akacheka mpaka akashika meza. "Tano! Mzee, hiyo hata paka wangu hashtuki!" Nikaona aibu kidogo, nikatoa kichujio nikakirudisha kwenye kisanduku chake maana kinachubuka upesi, nikavaa miwani yangu ya kinga, nikawa namwonyesha Merv mwali unavyonyooka mpaka uani. Ukagonga kioo cha pembeni cha gari ukarudi, na Glenys alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya vitunguu. Akasema, "Hebu ondoa hicho kitu machoni kwangu." Nikaondoa, wala haikuwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo anasema jicho lake la kulia lina doa katikati, kwamba akifanya mafumbo ya maneno herufi moja inapotea, na vibao vya pazia la jikoni anaviona vimepinda. Namweleza, "Mama, ni miliwati tano tu, nimepima." Ananijibu, "Basi kakioe hicho kipimo, kikukaangie na mayai." Yeye ni dereva wa basi la shule, njia ya Red Cliffs, na anataka kwenda kwa daktari wa macho, nami namzuia kwa upole, maana daktari atauliza maswali, na hapa jimboni Victoria unajua kalamu inayozidi miliwati moja ni kosa, hata hiyo tano ni kosa, na polisi wakija watabeba kila kitu nilichokijenga kwa mikono yangu. Nimemwambia asubiri shule zifungwe kwanza.

Swali langu, Shangazi, ni hili. Kuna kipimo kingine kizuri zaidi, kinakuja na cheti. Je, nikinunue ili nimwonyeshe Glenys namba ambayo hawezi kuibishia, amani irudi nyumbani?

Ni mimi, Mpima Mwaminifu, Mildura.

*

Haya, Mpima Mwaminifu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani nimeruka ukurasa ambapo unaniuliza habari za jicho la mke wako. Sikuuruka. Hukuuandika.

Umenieleza vizuri sana kipimo kinavyotunzwa. Feni umeizima. Pumzi umeibana. Rangi nyeusi umeihurumia isiungue, na kichujio umekilaza kisandukuni kisije kikachubuka. Miwani ulikuwa nayo moja, ukaivaa wewe. Glenys, aliyewaletea vitunguu, umempa namba.

Mimi leza siijui, na nisingependa kukutukana bila uhakika. Kwa hiyo nilimpigia simu Ingrid, binti wa kaka yangu, anayefundisha mambo ya mwanga chuo kikuu huko Adelaide, nikamsomea barua yako. Alikuwa anatafuna kitu. Nilipofika kwenye kichujio akaacha kutafuna.

"Shangazi, hebu rudia hapo. Kichujio kilikuwa kwenye kipimo?"

"Ndiyo, kwenye kipimo."

"Si kwenye leza?"

"Kwa alivyoandika, hapana. Alikitoa, akakirudisha kisandukuni."

"Basi mama yule hakupigwa na tano. Amepigwa na tisini na sita yote. Kijani ni tano, iliyobaki ni ule mwanga usioonekana, na ule ndio mbaya, maana jicho halijui kwamba linachomwa, halifumbi upesi, nao unaingia moja kwa moja mpaka nyuma."

"Kwa hiyo huyu bwana ni mjinga?"

"Hapana bwana! Amepima vizuri kuliko wanafunzi wangu. Ndiyo maana nashikwa na hasira."

Umesikia? Kipimo chako ni kizima, usikitupie lawama. Ulikiuliza leza hii ina kijani kiasi gani, kikakujibu kwa heshima zote. Hukukiuliza itamfanya nini mtu aliyesimama mlangoni na sahani. Halafu ukalichukua jibu la swali la kwanza ukamfunga nalo mkeo mdomo. Na unamcheka Merv! Merv na chumvi yake angeitangaza tisini na sita nchi nzima, na Glenys angalau angejua cha kuogopa. Uaminifu wako ndio uliomdanganya.

Na huo unaouita upole, mimi siuoni. Mwanamke ana doa katikati ya jicho, mistari iliyonyooka anaiona imepinda, na wewe unamwambia asubiri shule zifungwe. Yaani aendelee kubeba watoto wa watu kwenye barabara yenye malori ya zabibu, ili kalamu yako isichukuliwe. Wajukuu wangu wawili wanapanda basi hilo, bwana. Nimekasirika, na sitaki kujifanya sikukasirika.

Kipimo kipya usinunue. Hakuna kipimo chenye cheti kinachoweza kuona doa lililo ndani ya jicho la mtu. Hiyo kalamu ifunge, uipeleke polisi wewe mwenyewe kwa miguu yako, ueleze, na wakichukua na vingine vichukuliwe. Na wewe pia kapimwe macho, maana Ingrid anasema miwani ya kuzuia kijani mara nyingi inaupitisha ule mwingine kama mlango uliosahauliwa wazi. Siku ukirudi kwenye mchezo huu, na watu wa aina yako lazima mrudi, kichujio kinakaa mdomoni mwa leza, namba ya kuchagulia miwani ni ile ya mwanga wote, na asiye na miwani haingii bandani hata kama amebeba chakula. Kijani peke yake kapime kwa ajili ya sifa zako za jukwaani.

Sasa jambo ambalo hulijui. Ulijificha kwa jina la bandia, halafu ukamtaja mkeo, kazi yake na njia ya basi lake. Mildura si Melbourne, huku tunajuana wote. Juzi nilipomaliza kusoma nilipiga simu nyumbani kwako, na ukitaka kunishitaki, mahakama unaijua ilipo. Alipokea Glenys. Nilimwomba akuite, akasema uko bandani unapima, na mlango ukishafungwa hupendi mtu akuvurugie hewa. Nikamwambia aache kazi siku hiyo hiyo, aende kwa daktari wa macho bila kukuomba ruhusa.

Amekwenda, na basi ameliacha kwa mwenzake. Asubuhi hii kabla sijaingia hewani amenipigia. Daktari ameona jeraha nyuma ya jicho, anataka kumwona tena wiki ijayo, na hawezi kusema bado kama doa litafifia au litabaki. Alimwuliza leza ilikuwa na nguvu kiasi gani. Glenys akamjibu, tano. Daktari akashangaa, akasema jeraha hili halifanani na tano, akaanza kumwuliza kama ana sukari, kama ana presha, kama kwao kuna ugonjwa wa macho.

Nikamwambia, "Glenys, mpigie tena, mwambie ni tisini na sita." Nikamweleza yote aliyosema Ingrid. Unajua alinijibu nini, huyu unayetaka kumnunulia cheti?

"Hapana, Noelene. Huyo binti wa kaka yako hakuwepo. Mzee wangu nagombana naye kila siku, lakini kwenye kupima hakosei. Akisema tano ni tano."

Mimi nimeshindwa kumtoa hapo. Zima redio, fungua huo mlango, nenda ndani ukamwambie.