Nikimpeleka Atibiwe Macho, Ataniona

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana moyo umenielemea na sina wa kumwambia. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, napita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu kuwatafuta wagonjwa na wazee walio peke yao, nawapeleka zahanati au nawaunganisha na vikundi vya kusaidiana, na ndivyo nilivyompata mama mmoja wa ghorofa ya juu kabisa, mjane, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, haoni ila mwanga na vivuli. Nilipobisha mara ya kwanza aliniita kwa jina la bintiye aliyeondoka zamani akakata mawasiliano, akauliza, "Ni wewe umerudi?" na mimi, sijui nini kilinipata, pengine ni kwa vile mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikajibu, "Ni mimi, mama."

Tangu hapo nikiingia chumbani mwake naona kama naota. Pazia la njano limeshushwa, mwanga umekuwa kama chai ya maziwa, redio inanong'ona chini ya kitanda, naye ananisuka nywele kwa kupapasa huku akinisimulia utoto ambao si wangu, nami naukumbuka, haki ya Mungu naukumbuka, mpaka mvua iliyotunyeshea tukitoka shule. Lazima aniulize, "Umekula?" na hata kama nimekula nasema bado.

Sasa madaktari wa macho wanakuja zahanati kupasua bure, sisi wahudumu ndio tunaowapeleka wagonjwa, na yeye sijamwambia. Akipasuliwa ataona, na akiona ataniona. Nifanye nini?

Ni mimi, binti wa kuazima

JIBU

Binti wa kuazima, nimekusoma mara mbili, na mara ya pili nusura na mimi nishushe pazia. Pole sana. Kukosa mama hakuzoeleki, na sitakucheka kwa kujiegesha penye joto.

Lakini tuambiane ukweli, mdogo wangu. Unamwacha mtu gizani ili wewe upendwe. Kazi yako ni kuwaunganisha watu na msaada, huyu umemuunganisha na wewe tu, kisha ukafunga mlango. Kikundi cha wazee hukumpeleka, sivyo? Uliogopa mtu asije akakuita jina lako mbele yake. Siku ukiugua wewe, nani atapanda zile ngazi?

Basi nenda kesho, mchana. Usingoje apasuliwe ndipo agundue mwenyewe, huo ni ukatili. Keti pale anapokusukia, mwambie wewe ni nani na kwa nini ulimdanganya, halafu mpe habari ya madaktari. Akilia, kaa. Akikufukuza, toka, lakini mpitie jirani wa mlango wa pili umwombe ampeleke yeye, maana matibabu ni haki yake hata kama wewe hutakiwi tena. Na huyo binti wa kweli, ulizia kwa ndugu na majirani, atafutwe. Umekalia kiti chake vya kutosha.

Akikubali kwenda nawe, siku ya kufunguliwa bandeji simama mbele yake, usijifiche nyuma ya nesi. Atakutazama sana. Mwache atazame, hajawahi kukuona. Kisha, kabla hajasema lolote, safari hii uulize wewe: "Umekula?"