Shomari Alivyonishinda Jembe

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, salamu zako za huko Mwanza zimefika. Hapa Misugusugu tu wazima, bibi yako anakusalimu, na mihogo yangu imeizidi ya majirani wote. Unauliza kama dawa za presha nameza au natupa.

Ujanani kule Kisarawe nililima kuliko wote, ila mkulima mwenzangu Shomari. Yule nilimwonea wivu, sikufichi. Hata bibi yako alilisifia jembe lake. Siku moja nikamkuta nyuma ya nyumba anameza vidonge vya presha kwa kificho. Nikafurahi. Nikamtangaza shambani, "Jamani, bingwa wenu mgonjwa, anaishi kwa vidonge."

Watu walicheka. Shomari akasema, "Ngoja, utaona nani mgonjwa." Akaacha dawa. Haumwi popote, akajiona kapona. Msimu ule akanipita matuta sita, nikachukia kweli.

Kabla ya mavuno kichwa kilimuuma ghafla, akatapika, akaanguka, upande mmoja umelegea. Hospitali wakasema presha imepasua mshipa kichwani, damu imevujia kwenye ubongo. Hakurudi.

Mpaka leo bibi yako hulitaja jembe lake, nami roho inaniuma. Nitamshinda vipi tena, na hayupo?

Dawa nameza kila asubuhi, Zuhura. Nameza barazani, watu wote wakiniona. Wiki iliyopita rafiki yangu Kondo alinicheka. Nikamwambia, "Cheka tu, mimi nipo." Juzi kaja na vidonge vyake mfukoni, akaomba maji.

Ni mimi babu yako,
Pazi